Saada Aliyebaki Chiola

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa tisa, saa tatu asubuhi, Bibi Biasha alikuwa anafagia chini ya mikorosho yake huko Chiola, ili korosho zikianza kudondoka zionekane zote, mjukuu wake Saada alipomfuata shambani kumwambia kwamba amechaguliwa na vyuo vikuu viwili.

Bibi akasimamisha fagio.

“Viwili vya nini, mke mwenzangu? Kwani una vichwa viwili?”

“Kimoja kipo Dar, kingine kipo Iringa. Vyote vimenipa digrii ya fedha. Natakiwa nithibitishe kimoja tu, bibi. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo.”

“Si uthibitishe?”

“Nafikiri kwanza.”

“Haya, fikiri. Kufikiri hakuli chakula.” Akaendelea kufagia, mkorosho wa sita, wa saba, mpaka jua likapanda.

Saada alilelewa na bibi huyo tangu darasa la tano, mama yake alipofariki. Sasa alikuwa na miaka ishirini, na kidato cha sita alikuwa amepata daraja la kwanza. Fedha aliitaka mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Alipokuwa kidato cha pili alikwenda na bibi yake kwenye mnada wa ufuta. Wakulima kama mia tatu walikuwa wamesimama wanapiga kelele juu ya bei, akaja kijana mmoja mwembamba amevaa shati la mikono mirefu, akasoma sentensi mbili kwenye karatasi, na wale watu mia tatu wakanyamaza, wakaenda makwao. Saada akauliza yule kijana amesomea nini. Akaambiwa fedha. “Basi na mimi nitasomea hiyo hiyo,” akasema, “nijue kuna nini ndani ya zile sentensi mbili.”

Kwa desturi ya ukoo wa Bibi Biasha, mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mjomba wa Saada alikuwa Mikidadi, mtoto wa kwanza wa Bibi Biasha, mwenye duka la mabati na misumari Nachingwea mjini. Lakini Imrani, baba yake Saada, alikuwa hai na nguvu zake huko Narung'ombe, wilaya ya Ruangwa, na siku hizi akina baba nao wanataka kauli. Kwa hiyo siku ya Alhamisi, Saada alipokuja na karatasi ya daftari aliyoigawa kwa mstari katikati, Dar huku na Iringa huku, masomo, mabweni, na mahali ambapo wanafunzi hupelekwa kujifunza kazi, akasema, “Bibi, nimemaliza kufikiri,” Bibi Biasha alimjibu kwa upole, kama anavyojibu siku zote.

“Subiri pande zote mbili zikae. Neno kubwa halisemwi na mdomo mmoja.”

Saada akaikunja karatasi yake, akasubiri. Kusubiri alijifunza humo humo ndani. Mume wa Bibi Biasha aliwahi kwenda Lindi kununua baiskeli, akarudi baada ya miaka saba, akakuta amefunikiwa chakula. Watu wa Chiola wakitaka kumsuta mtu mwenye haraka humwambia aende akakae siku mbili kwa Bibi Biasha.

Kikao kikawa Jumapili. Mikidadi alikuja kwa pikipiki, Imrani akaja na gari la Ruangwa. Wakaketi kwenye mkeka barazani, na Saada akawaletea chai na mihogo ya kukaanga. Ile karatasi aliiweka mkekani mbele yao, akalirudisha birika jikoni, akaja kusimama mlangoni.

“Fedha inasomewa ilipo fedha,” Mikidadi akaanza. “Iringa kuna nini? Viazi na baridi. Mtoto aende Dar. Shemeji yangu yuko benki kule, atamshika mkono.”

“Shemeji yako yuko benki analinda geti.”

“Yuko benki au hayuko?”

“Mtoto wa kike hakai Dar,” Imrani akasema. “Iringa baridi inatuliza akili. Halafu kaka yangu yuko magereza kule.”

“Amefungwa?”

“Askari, Mikidadi. Unajua kabisa kwamba ni askari.”

“Nimeuliza tu.”

“Usiniulize hivyo mbele ya mama mkwe wangu.”

“Basi tuache. Mtoto wa dada yangu ni wangu. Hapa uko Chiola, si kwenu.”

“Na cheti chake kimeandikwaje? Saada Imrani. Nenda kalete cheti kilichoandikwa Saada Mikidadi, nitaondoka sasa hivi na chai yako siinywi.”

Mihogo ilikuwa ya moto. Mikidadi akatafuta pa kuweka kipande chake, akakiweka juu ya ile karatasi, upande wa Iringa. Imrani naye akaweka chake upande wa Dar. Wakaendelea mpaka adhuhuri, wakaenda kuswali pamoja, wakarudi, wakaendelea. Waliagana bila kukubaliana.

Bibi Biasha alisoma mpaka darasa la tatu, na herufi kubwa bado anazisoma kama mwanga upo. Wageni walipoondoka aliichukua ile karatasi, akatoka nayo juani. Mafuta yalikuwa yameingia mpaka ndani. Maandishi ya nyuma yalikuwa yamekuja mbele, ya mbele yamekwenda nyuma, Dar imekaa juu ya Iringa, na chini kabisa, mahali ambapo Saada alikuwa amepigia mstari neno moja mara mbili, palikuwa na alama nyeusi tu. Akaigeuza mara tatu. Jioni akawashia moto.

“Wamekubaliana nini?” Saada akauliza.

“Bado. Watakaa tena Jumatano.”

“Bibi, mwisho Ijumaa.”

“Kwani Jumatano haiji kabla ya Ijumaa?”

Jumatano ikaja, wakakaa. Safari hii waligombania nani alichimba kaburi la mama yake Saada, mwaka ule wa mvua nyingi, na nani alikuja kaburi likiwa limeshafukiwa. Habari ya chuo ilitajwa mara moja, watu wakiwa wanavaa viatu.

Sasa, Nachingwea karibu na stendi kulikuwa na steshenari ya mtu mmoja anaitwa Davis. Alikuja huko akimfuata mkewe, mwalimu aliyepangiwa kazi kutoka mbali, na kwa kuwa hakuwa na shamba wala ukoo alinunua kompyuta. Fomu za vyuo za vijana wote wa Nachingwea, na nusu ya wa Ruangwa, zilijazwa hapo. Kwenye kila fomu, mahali pa namba ya simu, Davis aliandika yake. Haukuwa ujanja. Vijana wengi hawakuwa na simu, wenye simu walikuwa wanatumia laini za watu, na mtandao wa vijijini unaingia na kutoka kama kuku. Kwa hiyo namba za siri za kuthibitisha vyuo, za watoto mia mbili na kumi na moja, ziliingia kwenye mfuko mmoja wa shati.

Alhamisi saa nne Mikidadi alifunga duka lake la mabati, akavuka barabara.

“Mimi mjomba wake Saada Imrani wa Chiola. Mthibitishe Dar.”

Davis akatoa simu, akasoma namba, akabonyeza. Mashine ikakubali.

Ijumaa asubuhi Imrani alishuka kwenye gari la Ruangwa.

“Mimi baba yake Saada Imrani. Mthibitishe Iringa.”

Davis akatoa simu, akasoma namba ile ile, akabonyeza. Mashine ikakaa kidogo, ikakubali. Davis aliona kwamba imekubali mara mbili. Akafikiri kwamba baba ni baba na mjomba ni mjomba, na kama mashine haikuona tatizo yeye ni nani. Akaendelea kutoa kopi.

Saa tisa alasiri Saada mwenyewe akafika. Alitoka Chiola bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akadandia pikipiki ya mtu aliyekuwa anapeleka kuku mnadani. Manyoya yalikuwa bado yamemkaa kichwani.

“Shikamoo. Nimekuja kuthibitisha chuo. Naitwa Saada Imrani.”

“Marahaba. Wewe umeshathibitishwa.”

“Wapi?”

“Dar.” Davis akatazama tena. “Na Iringa.”

“Nilitaka niseme mwenyewe.”

“Ungewahi,” Davis akasema, wala hakusema kwa ubaya. “Namba ikishatumika imeshatumika. Kuna kingine? Picha za pasipoti?”

Saada akasema hakuna kingine. Jina la chuo alichokitaka alikuwa nalo mdomoni, amelileta tangu Chiola. Akafunga mdomo, akarudi nalo.

Siku ya kuondoka ilikuwa Jumamosi, mwishoni mwa mwezi wa kumi. Mikidadi alileta begi la bluu lenye magurudumu. Imrani alileta jekundu. Saa moja asubuhi Saada akaoga, akavaa gauni lake la zambarau, akatoka kwa mlango wa mbele, akapanda pikipiki ya mjomba wake na begi la bluu, akaelekea Nachingwea. Robo saa baadaye Saada akatoka kwa mlango wa mbele na gauni lake la zambarau, akaingia kwenye gari alilokodi baba yake, begi jekundu likafungwa juu, akaelekea Ruangwa. Bibi Biasha aliwaombea dua wote wawili, kila mmoja yake, hakuunganisha. Akapunga mkono mpaka vumbi likatulia pande zote. Majirani waliotoka kuaga walisema kweli mtoto ana bahati, wenzake chuo kimoja tu kinawashinda kupata.

Bibi alipoingia jikoni alimkuta Saada ameinama anasugua sufuria kwa majivu.

“Kumbe umebaki.”

“Nimebaki, bibi.”

Bibi Biasha akamtazama. Alikuwa amejifunga kitenge cha kazi, maana gauni lilikuwa limeondoka. Vyeti navyo vilikuwa vimeondoka, cha kuzaliwa na vya shule, vyote halisi, kwenye begi la bluu na kwenye begi jekundu. Humo ndani hakikubaki kitu kilichoandikwa jina lake.

“Umeumia?”

“Sijaumia.”

“Haya. Ukimaliza sufuria twende shambani, korosho zinadondoka.”

Wakaenda.

Mwezi haukuisha, simu zikaanza. Bibi Biasha alikuwa na kitochi chake, simu ndogo yenye tochi, na mtandao hapo kwake ulipatikana ukisimama kwenye jiwe la kufulia. Saada wa Dar alipiga Jumatatu, Saada wa Iringa alipiga Alhamisi. Sauti ilikuwa ile ile, ila ya Dar ilikuwa na haraka na ya Iringa ilikuwa na mafua.

“Bibi, huku freshi tu, ila joto noma. Leo tumefundishwa kwamba shilingi ya leo si sawa na shilingi ya kesho.”

“Hilo nalo mpaka uende Dar?” bibi akacheka. “Ungeniuliza mimi hapa.”

Saada alikuwa chini ya jiwe, anafua. Aliacha kufua kidogo akasikiliza, kisha akaendelea. Siku ya pili yake Bibi Biasha alimkuta ameandika kwa kidole kwenye vumbi, mbele ya banda la mbuzi, shilingi moja huku na shilingi moja huku na alama katikati. Mbuzi akapita juu yake. Saada hakuandika tena.

Siku moja alipiga msichana mwingine kabisa.

“Shikamoo bibi, mimi naitwa Prisca, nakaa chumba kimoja na Saada huku Dar. Usishtuke, ana malaria, ila tumeshampeleka zahanati.”

Bibi Biasha alimgeukia Saada aliyekuwa anatwanga. Hakuwa na homa.

“Anakula?”

“Anajitahidi.”

“Mpikieni uji mwembamba, mtie ndimu.”

Simu ilipokatika Bibi Biasha aliona hawezi kukaa hivi hivi wakati mjukuu wake anaumwa. Akapika uji mwembamba, akatia ndimu, akampa Saada aliyekuwepo. Saada akaunywa wote, akasema ahsante. Prisca akapiga baada ya siku mbili kusema mgonjwa amepata nafuu.

Watu wa Chiola walizoea kumwita Saada Aliyebaki, kumtofautisha. Hawakumdharau. Walimtuma kama wanavyotuma wasichana wengine, na kwenye misiba walimpa kazi ya kuchota maji. Vijana wawili watatu walimtaka, wakajibiwa na wazazi wao kwamba yule anasoma, wasubiri amalize. Alikuwa anaongea kidogo kidogo. Bibi Biasha aligundua kwamba hutafuna upande mmoja tu wa mdomo, na akicheka hufunika kwa kiganja, akajua kwamba lile jina la chuo bado analo mle.

Mwezi wa saba uliofuata, maombi ya vyuo yalipofunguliwa tena, Saada alimwomba bibi yake ruhusa akaenda Nachingwea. Davis alikuwa ameongeza kompyuta ya pili. Safari hii mfukoni mwake mlikuwa na watoto mia tatu na wawili.

“Nataka kuomba upya,” Saada akasema.

Davis akaandika jina na namba ya mtihani, akageuza kioo amwonyeshe.

“Huwezi kuomba na huku unasoma.”

“Mimi sisomi.”

“Unasoma, tena sehemu mbili. Na matokeo yako mazuri. Hapa Iringa una alama A ya hesabu za fedha.”

“Niko Chiola. Sijawahi kufika Iringa.”

“Dada yangu,” Davis akasema, “mimi nakuona. Siwezi kubishana na wewe. Lakini kwenye mashine wewe upo kule. Kufuta siwezi, nikifuta nawafukuza wenzio wote wawili. Unataka nifute?”

Saada akaangalia ile alama A kwenye kioo. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na msichana mmoja aliyefuata alikuwa ameshaanza kusema jina lake.

“Usifute,” akasema.

Aliporudi bibi yake alimwuliza kama amekula njiani. Akasema amekula.

Likizo ndefu ikafika, wale wawili wakaja. Wa Dar alishuka kwenye gari la Nachingwea, simu nyembamba mkononi, nywele amesuka rasta. Wa Iringa alishuka kwenye gari la Ruangwa, amevaa sweta la pamba mchana wa jua kali, midomo imepasuka kwa baridi. Walikutana mlangoni, wakakumbatiana.

“Wee wa viazi!”

“Wee wa foleni! Mbona umekonda hivyo, Dar hawakupi chakula?”

“Tunajibana, mwanangu. Maisha ya chuo unayajua.”

Bibi Biasha alilia kwa furaha. Akawashika magoti akatazama, kila mmoja alikuwa na kovu la jembe chini ya goti la kushoto, kovu alilolifunga yeye mwenyewe kwa majani na kitambaa. Walikuwa wake. Akageuka kumwangalia wa tatu aliyekuwa anaingiza mabegi, na kitenge kilipopeperuka akaona kovu lile lile.

Wale wawili hawakuwa na roho mbaya. “Dada, pole na kazi,” walimwambia. “Dada, maji ya kuoga yapo?” Jina hawakumwuliza. Usingizi uliwakuta kitanda kimoja, wanazungumza habari za riba na hisa, na yeye akatandika mkeka jikoni. Walikaa wiki tatu. Wakati wa kuondoka wa Iringa alimwachia sweta lake la zamani, na wa Dar alimpa sabuni ya kunukia, wakamwambia amtunze bibi yao.

Ramadhani ya mwaka wa pili, siku ya kumi na tisa, walikuwa wanafuturu, Saada na bibi yake, muhogo wa nazi na uji wa pilipili manga. Saada akanywa funda la uji, na Bibi Biasha akasikia koo la mjukuu wake limetoa mlio, kama mtu aliyemeza kokwa.

“Nini hicho?”

“Si kitu, bibi. Kimeteremka.”

Kuanzia hapo akawa anatafuna pande zote mbili. Bibi Biasha alitaka kumuuliza lilikuwa jina la chuo gani. Aliona asimharakishe. Alikuwa amemlea mtoto yule kwa miaka kumi na moja, akaona kuna siku atasema mwenyewe, na siku zikaenda. Wanaosema subira huvuta heri hawajasema huivuta ikaenda kwa nani.

Wale wawili walihitimu mwaka wa tatu, kila mmoja chuoni kwake. Picha mbili za majoho zikaletwa Chiola, na Saada akapanda kwenye kigoda akapigilia misumari ukutani, moja huku, moja huku. Wa Dar akawa amepata kazi benki, mwenyewe, bila yule shemeji. Wa Iringa akapata kwenye chama cha kuweka na kukopa. Mwezi wa kwanza wote wakaja, ikafanywa sherehe. Mikidadi alileta mchele, Imrani alileta mbuzi wawili, na pilau akalipika Saada, kwenye masufuria matatu makubwa ya kuazima, tangu alfajiri. Lilikuwa pilau zuri. Watu walisema hivyo na kurudia. Mpiga picha alipowapanga ndugu alimwomba huyo mwenye mwiko asogee pembeni kidogo, na akasogea.

Kesho yake asubuhi, kabla hawajatawanyika, pande mbili zikakaa tena kwenye mkeka ule. Wale wasomi hawakuwa na shida, kila mmoja alikuwa na tiketi yake. Wakanywa chai. Mikidadi akafuta mdomo.

“Sasa na huyu?” akasema, na kidevu akakielekeza jikoni. “Hapa anafanya nini? Nimefungua duka la pili, nahitaji mtu wa kukaa pale. Nitaondoka naye.”

“Utaondoka na nani? Mke wangu amejifungua pacha. Huyu anakwenda Narung'ombe kusaidia.”

“Mtoto wa dada yangu awe yaya?”

“Na mtoto wangu awe muuza misumari?”

“Misumari imesomesha mtu, Imrani.”

“Imesomesha mmoja. Mwingine nimemsomesha mimi.”

Saada alikuwa amesimama mlangoni na birika. Bibi Biasha alimwona. Aliona pia mahali alipokanyaga, na akakumbuka kwamba ni pale pale aliposimama siku ile ya karatasi. Akafungua mdomo aseme ngojeni, huyu hajaulizwa. Mikidadi akageuka, akamwona mama yake ameacha mdomo wazi.

“Mama, wewe una subira, tuachie sisi tumalize.”

Imrani akaitikia kwamba kweli, mama mkwe ana subira kuliko wote. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana. Bibi Biasha akafunga mdomo. Chai ilikuwa imepungua, akamwashiria Saada aongeze.

Walibishana mpaka magari yakafika, na kwa kuwa magari hayasubiri, kila mmoja akafanya alivyosema. Saada akatoka kwa mlango wa mbele, mfuko wa rambo mkononi, akapanda nyuma ya pikipiki ya Mikidadi. Saada akatoka kwa mlango wa mbele, mfuko wa rambo mkononi, akaingia kwenye gari la Ruangwa pamoja na Imrani. Wale wenye digrii walikaa viti vya mbele, mmoja gari la Nachingwea, mwingine gari la Ruangwa. Bibi Biasha aliwaombea dua wote wanne. Ilimchukua muda.

Alipoingia jikoni Saada alikuwepo. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anakwangua ukoko kwenye masufuria ya kuazima. Safari hii alikuwa mfupi kama kwa shibiri moja, na kitenge kilimzunguka mara mbili na kikabaki. Ukitazama vizuri, ukuta wa nyuma yake ulionekana kidogo kupitia bega.

Bibi Biasha akavuta kigoda kingine, akaketi karibu yake. Akamwondolea mwiko mkononi. Hakukuwa na mgeni, hakukuwa na simu inayolia, na safari hii hakutaka kusubiri.

“Saada.”

“Bee, bibi.”

“Nikuulize kitu, mke mwenzangu. Nikupikie nini leo? Wewe mwenyewe unataka nini? Ugali au wali?”

Saada akainua kichwa. Akakunja uso kama mtu anayetafuta kitu ndani ya chumba alichokifagia mwenyewe. Midomo ikajaribu upande mmoja, ikajaribu upande mwingine. Kuku waliingia, wakatoka. Kivuli cha paa kikasogea kutoka kwenye kinu mpaka kwenye mtungi, na Bibi Biasha hakumharakisha.

“Chochote, bibi,” akasema mwishowe.

Bibi Biasha akasonga ugali, maana mchele ulikuwa umeisha kwenye sherehe.